Hesabu Walio Chini ya Kamba

Mwanangu, hata leo nikipita dukani nikaona kamba mpya imeviringishwa, mkono wangu hauachi kuigusa. Na kila nikiigusa hunijia siku moja ya zamani, asubuhi ya Alhamisi, katika kichochoro cha Mkunazini, siku ambayo nusura nimuue mtu niliyempenda kuliko wote duniani. Nitakusimulia. Na wewe usikae ukingoni mwa kiti kama mtu anayetafuta sababu ya kuondoka. Wazee hatuna mbio, na chai bado ipo birikani.

Kwanza ujue kazi iliyonilisha. Nyumba za Mji Mkongwe unazijua, ndefu, na ngazi zake ni nyembamba na zimejikunja kiasi kwamba mtu mnene hupanda ubavu. Kabati halipiti. Kitanda cha samadari hakipiti. Basi vitu vikubwa hupandishwa kwa nje: boriti hutolewa juu ya paa, hutundikwa kapi, yaani lile gurudumu dogo ambalo kamba hupita juu yake, na watu wakavuta kutoka chini mpaka kitu kikaingizwa dirishani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimo katika kundi la watu wanne chini ya Mzee Makame, Mtumbatu mfupi mwenye vidole vinene ambaye kabla ya hapo alipakua mizigo bandarini. Wakati ule nyumba nyingi za zamani zilikuwa zinageuzwa kuwa za wageni, na kila mwenye nyumba ya wageni alikuwa na kitu kizito cha kupandisha.

Nilikuwa na nguvu, mwanangu, nisijifiche. Ukiniona leo navyoshika ukuta nikiinuka utadhani nakudanganya. Nilikuwa nikibeba gunia la mchele huku nikizungumza, na nikizungumza sana.

Mzee Makame alikuwa na taratibu zake, na sisi vijana tulimcheka akitupa kisogo. Kamba ambayo ingekatika kwa magunia kumi, yeye haipi zaidi ya mawili. Nikamuuliza siku moja, "Mzee, ikiwa inaweza kumi, yale manane ya nani?" Akanijibu huku anakunja kamba, "Mawili ya fundo, maana fundo linaila kamba. Mawili ya jua na chumvi. Mawili ya kona ya ukuta inapokwaruza. Na mawili ya ujinga wenu." Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa nilijua lile la mwisho lilikuwa langu zaidi.

Utaratibu wake wa pili ulikuwa kahawa. Hapandishi kitu mpaka kamba imekunywa kahawa. Maana yake ni hivi: mzigo unanyanyuliwa shibiri moja tu kutoka chini, kamba inafungwa, kisha sote tunakwenda kukaa barazani na muuza kahawa anatumiminia. Hakuna anayegusa kitu, hakuna anayepita chini yake. Tunakunywa vikombe viwili vitatu, tunazungumza habari za mji, na kamba inaning'inia pale na mzigo wake. Ikiwa ina ubaya, itausema mzigo ukiwa shibiri moja, haitangoja ufike dirishani. Mafundi wengine walituona wavivu. Watu wa mtaa walizoea, na wengine walikuja kwa ajili ya kahawa.

Wa tatu ndio ulionitia matatani. Kamba yoyote iliyoshtuka, yaani iliyodaka mzigo uliokuwa unadondoka, hata kama imeudaka vizuri, hata kama ni mpya, Mzee Makame huikata. Vipande vya pima moja moja, pasipatikane mtu wa kukipandishia kitu, kisha wanapewa wenye mbuzi wafungie mbuzi wao. Alikuwa akisema mzigo ukidondoka kidogo tu ukadakwa, kamba imebeba mara nyingi kuliko uzito wa mzigo wenyewe, na nyuzi za ndani zimekatika huku za nje zinacheka.

Basi wiki moja tulikuwa Shangani tunapandisha beseni la kuogea la chuma, lile la miguu minne, zito kama dhambi. Mmoja wetu alipokuwa anazungusha kamba kwenye nguzo, ikamponyoka. Beseni likashuka mkono mzima, kamba ikalidaka, likaning'inia. Sote tukashangilia. Kamba yenyewe ilikuwa ya nailoni, nyeupe, ina uzi wa buluu, imenunuliwa Malindi siku tatu tu kabla. Mzee Makame hakushangilia. Alilishusha beseni pole pole, akatoa kamba yake nyingine, na hii mpya akanitupia mimi. "Khamis, kaikate."

Nikaenda nayo nyumbani. Nikaiangalia. Haikuwa na alama, haikuwa na mchubuko, inang'ara. Niliona kuikata ni sawa na kuchinja kuku anayetaga. Nilikuwa na kamba kuukuu uani, ya kuanikia nguo, basi nikaikata hiyo, vipande vikawafikia wenye mbuzi, na ile nzuri nikaitia ndani ya gunia chini ya kitanda. Nikajiambia mzee amezeeka, na woga wa uzee usiharibu mali. Hivyo ndivyo kijana anavyojidanganya, mwanangu: hasemi "ninamwibia," husema "ninamsaidia."

Sasa nikwambie habari ya dada yangu. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minane, na Mize alikuwa na kumi na minane. Tulikuwa watatu nyuma yake. Alitushonea, alitupikia, alitupeleka skuli na chuoni kusoma Kurani, alitupiga ilipobidi, na wachumba waliokuja kumposa aliwarudisha mmoja baada ya mmoja mpaka wakaacha kuja. Jirani wakasema ndoa imeshampita. Kisha, akiwa na miaka thelathini na miwili, akaja mwalimu mmoja wa skuli, aliyefiwa na mke, mtu mpole wa Mkunazini, na Da Mize akasema ndiyo. Sijapata kumwona amependeza kama wiki ile.

Mama alituachia kitu kimoja cha maana, kabati la mbao za msaji lenye milango mitatu, wa kati una kioo kirefu. Da Mize akatwambia, "Mie nnaolewa, lakini kabati la mama linakwenda na mie." Mwalimu anakaa ghorofa ya pili, na ngazi zake ni zile nilizokwambia. Nikamwambia, "Da Mize, hilo niachie mimi."

Vifaa vya Mzee Makame wiki ile vilikuwa Mtoni kwenye kazi nyingine. Ningemwambia angenipa, au angeniambia nisubiri siku mbili. Lakini nilitaka kabati la mama lipande kwa mkono wangu, na watu waone. Na kamba nilikuwa nayo.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya harusi, nikaenda na wenzangu wawili, Ali na Seif. Kapi la kuazima tulilitundika vizuri. Kabati tukalifunga vizuri, na pembe zake tukazivisha magunia. Ninakwambia haya ujue kwamba kazi yote niliifanya sawasawa, isipokuwa jambo moja. Tulipokuwa tayari kuvuta, Da Mize akashuka kutoka juu na kanga kiunoni, akalitazama kabati, akatutazama na sisi.

"Nyie mtalipiga kioo ukutani," akasema. "Nipe hiyo kamba ya kuongozea, nisimame hapa chini niishike mie."

Mwenye kushika kamba ya kuongozea, ile inayozuia mzigo usigonge, husimama karibu na ukuta, na mzigo uko juu yake. Si mahali pa bibi harusi, na si mahali pa mtu yeyote ikiwa kuna njia nyingine. Lakini dada yangu alikuwa habishiwi, na mimi nilikuwa na hakika ya kamba yangu. Nikampa.

Ndipo Mzee Makame akatokea kwenye kona, na kikapu cha sokoni mkononi. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye ndara.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mnapandisha la dada?"

"Naam."

"Nshaliona. Zuri. Kamba imekunywa kahawa?"

Nikasema tuna haraka, fundi wa kitanda yuko juu anasubiri. Akaweka kikapu chini, akakaa barazani bila ya kualikwa. "Haraka ni zenu. Mie nimetoka Darajani kwa miguu, nimechoka, nataka kahawa. Nyanyueni shibiri moja mfunge, mje mkae. Na wewe bibi harusi, acha hiyo kamba uje hapa. Mie sikai na wanaume peke yao, hawana mazungumzo."

Da Mize akacheka, akaiacha kamba chini, akaenda kukaa. Macho ya Mzee hayakuwa mazuri tena, na kamba ilikuwa juu kivulini. Uzi wa buluu hakuuona. Nilijua hakuuona, na nilishukuru. Hebu fikiri, mwanangu, nilishukuru.

Kabati likaning'inia. Muuza kahawa akaja akagonganisha vikombe vyake. Bi Champa naye, bibi wa Kihindi wa nyumba ya jirani, akatoka na sahani yake ya maua, anakwenda hekaluni kama kila siku saa ile. Akakuta njia imezibwa na kabati, na kati yake na ukuta imebaki nafasi ya paka. Akataka kujipenyeza. Mzee Makame akamwambia, "Subiri kidogo, Bi Champa, kamba inakunywa." Yeye alikuwa mtu wa mtaa, anajua. Akasimama na sahani yake. "Ikimaliza mniambie," akasema, na sote tukacheka.

Kikombe cha kwanza kilipita. Nikaanza kupumua. Cha pili kilikuwa mdomoni pangu niliposikia mlio mkavu, kama mtu aliyepiga kofi ukutani. Kamba ilikatikia juu, penye kapi. Kabati likaanguka ile shibiri moja, mguu mmoja ukavunjika, likayumba, kisha likalala kifudifudi. Kioo cha mama kikapasuka chote. Na mahali lilipolala ni pale pale alipokuwa amesimama dada yangu, juu ya ile kamba ya kuongozea aliyoiacha.

Bi Champa alikuwa hatua mbili kutoka pale. Da Mize alikuwa bado ameshika kikombe, na kahawa yake haikumwagika, ila rangi ya uso ilimtoka.

Mzee Makame akainuka, akaiokota ncha ya kamba iliyodondoka, akaisogeza karibu na macho. Akauona uzi wa buluu. Akanitazama mimi, mara moja tu. Kisha akawageukia watu akasema kwa sauti ya kawaida, "Kamba hukatikia pabovu. Alhamdulillahi, sote wazima. Bi Champa, pita sasa." Hakunitaja. Mbele ya dada yangu, mbele ya Ali na Seif, mbele ya mtaa, alinisitiri, na sitiri ile ninamwombea dua kwayo kila Ijumaa.

Alinichukua nyuma ya kona, penye mlango wa nyumba isiyokaliwa. "Khamis."

"Naam, Mzee."

"Hii ndiyo niliyokupa ukaikate."

Nilitaraji anitukane, au anipige, au aseme nisitie mguu tena kwenye kazi yake. Nilikuwa nimejitayarisha kwa yote hayo. Akasema, "Nitajie waliokuwa chini."

"Hapakuwa na mtu chini, Mzee. Tulikuwa barazani."

"Mie nisingepita leo, kabati lingekuwa wapi saa hizi? Dirishani. Haya, nitajie walio chini."

Nikaanza. "Ali. Seif."

"Na?"

"Muuza kahawa akipita."

"Na?"

"Bi Champa."

"Na?"

Jina lililobaki halikutoka. Nililifungulia mdomo likakataa. Nililia pale, mtu mzima wa miaka ishirini na mbili, kilio ambacho sikulia tangu siku tuliyomzika mama. Mzee Makame hakunibembeleza wala hakuniharakisha. Alisimama tu na ile ncha ya kamba mkononi, mpaka nikaweza kulisema. Mize.

"Basi hao ndio uzito wa ile kamba," akasema. "Wewe ulikuwa unapima kabati." Akaniwekea mkono begani, ule mkono wenye vidole vinene. "Kamwambie mwenyewe. Mie sitamwambia." Akachukua kikapu chake akaenda kwake, samaki wake alikuwa keshaanza kuharibika kwa joto.

Nilimwambia baada ya adhuhuri. Alikuwa amepiga magoti uani kwa mwalimu, tulikoliingiza kabati, anaokota vigae vya kioo na kuvitia kwenye ungo. Nikamweleza yote, beseni, gunia chini ya kitanda, kamba ya kuanikia nguo, yote. Akauweka ungo kando. Kisha akasema, "Nionyeshe mikono." Nikamwonyesha. Akaigeuza akaitazama pande zote, kama alivyokuwa akifanya nikirudi chuoni, aone kama nimekatwa. Alipoona mizima, akaiachia.

"Unajua kwa nini nilisimama pale?" akaniuliza. "Nlikuona wewe ndiye uliyeifunga. Kwa mtu mwengine nisingesimama."

Nimepigwa maishani, mwanangu, na nimekosa mengi, lakini neno lililoniumiza kuliko yote lilisemwa na mtu ambaye hata hakukasirika.

Siku ya pili alfajiri Mzee Makame alikuja na kundi zima na kamba yake mwenyewe. Mguu wa kabati ulikuwa umetiwa kigingi, mlango wa kati hauna kitu. Tulikunywa kahawa, kisha likapanda. Da Mize akaolewa mchana wake. Kioo kipya hajatia mpaka leo, na mwalimu alishajaribu kununua mara mbili akakatazwa. Nikienda kumtazama, kabla hatujatoka barabarani husimama mbele yangu na buibui lake na kuuliza, "Khamis, nimekaa sawa? Mie sina kioo, walinivunjia." Mtu wa miaka sabini na zaidi, na bado ananichokoza. Namwambia amekaa sawa, na kweli huwa amekaa sawa.

Sasa sikiliza, maana kijana wa leo ana vifaa ambavyo Mzee Makame hakuviota. Juzi nilikuwa Kiwengwa, wananiita hotelini mara moja moja nikaangalie. Mikanda yao imeshonwa kiwandani, ina lebo inayosema huu ubebe tani moja, huu mbili. Vizuri sana. Nikawakuta vijana wamefungia mkanda wa tani moja mashine ya tani moja na nusu. Nikauliza. Wakanambia, "Mzee, kiwandani huacha akiba kubwa, unaweza kuzidisha." Umeona? Sisi tulikuwa wajinga kwa kutojua akiba ipo. Wao wanajua ipo, na wanaila. Wahenga walisema akiba haiozi. Ile si ya kwako kuitumia. Ni ya fundo usilolijua, ya kona iliyokwaruza jana, ya jua, ya mikanda miwili iliyotanuliwa mno mpaka kila mmoja unabeba zaidi ya nusu ya mzigo. Ni ya siku utakayokuwa umechoka. Waliteremsha ile mashine. Walininunia, na mimi nimeshazoea kununiwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiulize kamba inakatikia wapi ili uende mpaka pale. Uliza inabeba nini kwa salama, na ukae chini ya hapo. Iliyoshtuka ikate, hata kama inang'ara, na ikate kweli, usikate ya kuanikia nguo. Mzigo uache uning'inie shibiri moja, upe muda wa kusema ubaya wake. Anayekucheka kwa kuchelewa muache acheke, haraka haraka haina baraka. Na kabla hujavuta, taja kwa majina walio chini. Kwa majina, si kwa idadi. Ikiwa liko jina moja ambalo mdomo wako hauwezi kulitamka, hiyo kazi haiko tayari.

Na la mwisho nililijua nikiwa nimechelewa, wewe lijue mapema. Watu husema ng'ombe haelemewi na nunduye, na mimi nilimtazama dada yangu miaka kumi na minne akitubeba nikadhani ndivyo alivyoumbwa, kwamba yeye hana kiasi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sikuwahi kumuuliza hata siku moja umechoka, dada? Kila mtu anaye mmoja kama huyo nyumbani kwao, mwenye kubeba na kunyamaza. Yeye naye ana kiasi chake, na hakina lebo. Mpunguzie akiwa mzima, usingoje umwone amekatika.

Nenda sasa, chai imepoa na nimekuchelewesha. Mwenyezi Mungu akupe mikono yenye subira na jicho linaloona nyuzi za ndani. Akujaalie mtu wa kukuuliza, na adabu ya kumjibu kweli. Akuamini mtu asimame karibu na kazi yako, na kila jioni ya maisha yako, wote waliosimama chini ya kamba yako warudi makwao kwa miguu yao. Amin.